UZI: Jopo kuu la mahakama Marekani, chumba kisicho na jaji wala wakili wa mtuhumiwa

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam zenu.

Machi 2023, siku jopo kuu la mahakama pale Manhattan lilipomfungulia Donald Trump mashtaka, mjomba wangu alinipigia simu kutoka Tanga. Huku Texas ilikuwa saa tano usiku, kwake kumeshakucha. Hata salamu hakutoa. "Kafungwa miaka mingapi?" Nikamwambia mjomba, hajafungwa, kesi yenyewe haijaanza. Akanijibu kwamba redio imesema mahakama imemkuta na makosa. Tulibishana mpaka salio lake likaisha.

Hatia ilikuja miezi 14 baadaye, tarehe 30 Mei 2024, na waliomtia hatiani kwa makosa yote 34 walikuwa watu wengine kabisa: raia 12 waliokaa mbele ya jaji wiki kadhaa, mawakili wa pande zote mbili wakiwabana mashahidi. Wale wa Machi 2023 kazi yao ilikuwa moja tu, kuamua kama kuna sababu ya kutosha ya huyu mtu kushtakiwa. Tangu siku ile nimeona kosa la mjomba likirudiwa humu jukwaani kila jina kubwa linapotajwa. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kuitwa nikakaa ndani ya jopo kuu, nimeona nifungue uzi tuelewane.

Nitaeleza chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mashauri niliyoyasikia sitayagusa hata kidogo. Niliapa nimenyanyua mkono wa kulia, na kiapo kile hakikuisha siku nilipotoka.

Barua ilipofika nilidhani ni wito wa kawaida wa kusikiliza kesi, siku mbili tatu narudi kazini. Kumbe ni miezi mitatu, siku mbili kila wiki. Anayeitwa lazima awe raia. Ndugu zangu wenye makaratasi ya ukaazi tu hawahusiki na wito huu.

Sasa shika tofauti hii kwanza. Kuna jopo dogo, ambalo ndilo mnaloliona kwenye sinema: watu 12, jaji kiti cha juu, mshtakiwa na wakili wake pembeni. Hao ndio wanaosema ana hatia au hana. Jopo kuu linakuja kabla ya hapo. Linaitwa kuu kwa sababu ya wingi wa watu, wala si kwa sababu lina mamlaka zaidi. Kwenye mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya taifa, linakuwa na watu 16 hadi 23, na mtu hafunguliwi mashtaka mpaka 12 wakubali. Majimbo yana hesabu zao. Hapa Texas tulikuwa 12, kura zinazotakiwa ni 9.

Chumba chenyewe kingekushangaza. Ukiingia unatafuta jaji yuko wapi. Hayupo. Alituapisha siku ya kwanza, akamteua msimamizi kati yetu, akaondoka kwenda kwenye kesi zake. Unatafuta mtuhumiwa. Hayupo, na mara nyingine hata hajui kwamba jina lake linasomwa siku hiyo. Wakili wake haruhusiwi kuingia. Aliyepo ni mwendesha mashtaka na rundo la mafaili. Anasoma muhtasari wa polisi, anaita shahidi kama yupo, na mara nyingi shahidi ni askari mpelelezi akieleza alichoambiwa na watu wengine. Anatusomea sheria ya kosa lenyewe. Anauliza kama kuna swali. Kisha anatoka, mlango unafungwa, tunabaki sisi kwa sisi. Mikono inanyanyuliwa, msimamizi anahesabu. Zikitimia tisa, anatia saini hati ya mashtaka. Zisipotimia, faili linaandikwa kwamba jopo limekataa.

Ndani ya wiki ya kwanza niliona jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Faili linasomwa, "kuna swali?", kimya, mikono juu, faili linalofuata. Kasi ile inakuzoeza. Nami nilizoea, na inaniuma kulisema. Mpaka siku moja mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akanyanyua mkono wakati mwendesha mashtaka ameshakusanya makaratasi yake anaelekea mlangoni. Alichouliza siwezi kukiandika hapa. Ninachoweza kuandika ni ule mkono, na yule bwana kurudi, kuvuta kiti, kukaa, na kufungua faili lile upya kuanzia ukurasa wa mwanzo. Baada ya siku ile watu walianza kuuliza.

Naomba maswali yenu, nitayajibu nikitoka kazini.

#2 – Mdau wa Dar

Mkuu, uzi umeshiba. Ila nikilinganisha na kwetu, huku mtu anakamatwa kwa mauaji, anafikishwa mahakama ya hakimu mkazi, anaambiwa "hutakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi hii", halafu inaanza safari ya "upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine". Hilo jopo lenu lingesaidia?

#3 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa Dar, umegusa penyewe. Ule utaratibu wa kwetu wa kesi kutajwa mahakama ya chini kabla ya kupelekwa Mahakama Kuu ni binamu wa jopo kuu. Vyote ni mlango wa kabla ya kesi. Tofauti ni nani ameshika ufunguo. Tanzania ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na Kenya hali kadhalika kwa ibara ya 157 ya Katiba ya 2010. Anayeamua kushtaki ni ofisa wa serikali. Marekani, kwa makosa makubwa ya shirikisho, Marekebisho ya Tano ya Katiba ya mwaka 1791 yanasema mtu asipandishwe kizimbani mpaka raia wenzake wamekubali kwanza. Wanajeshi walio kazini wana utaratibu wao.

Majimbo hayafungwi na sharti hilo. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1884 katika kesi ya Hurtado kutoka California, kwa hiyo yapo majimbo mengi ambako mwendesha mashtaka anaandika hati mwenyewe na jaji anapima ushahidi kwenye kikao cha wazi, wakili wa mtuhumiwa akiwepo na akihoji. Niseme ukweli wangu: ningekuwa mimi ndiye mtuhumiwa, ningependelea kikao hicho cha wazi.

Kuhusu "upelelezi haujakamilika", jopo kuu peke yake lisingetibu. Kinachobana huku ni saa ya sheria. Hapa Texas mtu aliye mahabusu kwa kosa kubwa, upande wa mashtaka usipokuwa tayari ndani ya siku 90, anatakiwa aachiwe, kwa dhamana yake mwenyewe au dhamana ipunguzwe mpaka aimudu. Ukiniuliza kipi kibebwe kutoka huku kipelekwe nyumbani, nitabeba hiyo saa kabla ya jopo.

#4 – Mdau wa Mombasa

Ahsante ndugu. Hii kitu Wamarekani waliitoa wapi? Sisi tulitawaliwa na Mwingereza na hatukuachiwa.

#5 – Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, waliitoa kwa huyo huyo Mwingereza. Mwaka 1166 Mfalme Henry wa Pili aliagiza kwamba kila eneo litoe watu 12 wa kuaminika, na kila kijiji watu wanne, waape na kuwataja wanaoshukiwa kuua, kuiba na kuhifadhi wezi. Kwa hiyo kilizaliwa kuwa jicho la mfalme kijijini. Karne zilipopita watu wale wale wakaanza kulitumia kumkatalia mfalme. Mwaka 1681 serikali ya Charles wa Pili ilitaka kumshtaki mwanasiasa mpinzani wake, Lord Shaftesbury, kwa uhaini, jopo la London likaandika juu ya hati neno la Kilatini lenye maana ya "hatujui lolote", akatoka.

New York wakati wa ukoloni, gavana alitaka mchapishaji wa gazeti, John Peter Zenger, ashtakiwe kwa kumkashifu. Jopo kuu likakataa. Likaletwa jingine, nalo likakataa. Ikabidi mwanasheria wa gavana apitie njia ya pembeni, asiguse jopo kabisa, na kesi ilipofika kwa watu 12 mwaka 1735 wakamwachia Zenger. Ndiyo maana Wamarekani walipoandika Katiba yao waliking'ang'ania chombo hiki.

Uingereza wenyewe walikiacha mwaka 1933, wakamalizia mabaki yake 1948. Kenya ya mkoloni ilikuwa na majopo ya kusikiliza kesi, lakini kwa washtakiwa wa Kizungu tu. Mwafrika alipata wazee wa baraza, ambao ushauri wao haukumfunga jaji. Leo ukitoa Marekani, nchi inayotajwa kubaki na jopo kuu ni Liberia, ambako limo ndani ya Katiba. Liberia ilijengwa na watu weusi waliotoka Marekani, nao walifungasha sheria za huko wakavuka nazo bahari.

#6 – Mdau wa Arusha

Mkuu, historia nzuri, ila tuambiane ukweli. Chumba ambacho upande mmoja tu ndio unaongea, hicho si muhuri tu? Polisi wanaoua watu weusi mbona jopo hilo hilo linawaacha?

#7 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa Arusha, swali lako ndilo lililoninyima usingizi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka 1985 Sol Wachtler, jaji mkuu wa jimbo la New York, alisema waendesha mashtaka wana nguvu kiasi kwamba wanaweza kulifanya jopo kuu lishtaki hata sandwichi ya nyama ya nguruwe. Msemo huo umebaki. Na hesabu zinauunga mkono: mwaka 2010 mawakili wa serikali ya shirikisho walishughulikia kesi zipatazo 162,000, na majopo makuu yalikataa 11. Kumi na moja, wakuu.

Sababu ziko kwenye sheria yenyewe. Kipimo kiko chini. Haiulizwi kama kosa limethibitika pasipo shaka, inaulizwa kama kuna sababu ya kutosha kuamini kwamba limetendwa. Ushahidi wa kuambiwa unakubalika, Mahakama ya Juu iliruhusu mwaka 1956. Ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu, ambao ungetupwa kwenye kesi yenyewe, humu unaingia. Hiyo ni 1974. Na mwaka 1992, katika kesi ya Williams, majaji watano dhidi ya wanne walisema mwendesha mashtaka wa shirikisho halazimiki kuliambia jopo habari zinazomsafisha mtuhumiwa. Anaweza kuwa nazo mkobani na akanyamaza.

Sasa geuza upande wa pili, mtuhumiwa awe polisi. Agosti 2014 Michael Brown, kijana wa miaka 18, aliuawa na askari pale Ferguson, Missouri. Kwa kawaida mwendesha mashtaka anapendekeza kosa na kuleta mashahidi wachache. Safari hii aliwamwagia wajumbe kila kitu: mashahidi 60, siku 25, na hakuwaambia anapendekeza nini. Askari mwenyewe alikuja akajieleza kwa saa kadhaa. Novemba 24 wakatangaza kwamba hashtakiwi. Ukisikia juujuu unaona ni haki ya kupindukia, kila kitu kimeletwa. Lakini muulize wakili yeyote wa watu maskini wa Missouri ni mteja wake gani aliwahi kufanyiwa hivyo.

Halafu Louisville, Kentucky, bomba likafungwa badala ya kufunguliwa. Breonna Taylor, dada wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi hospitalini, aliuawa kwa risasi za polisi nyumbani kwake usiku wa tarehe 13 Machi 2020. Septemba jopo kuu lilimshtaki askari mmoja tu, kwa kuhatarisha maisha ya majirani, kwa sababu risasi zake zilitoboa ukuta zikaingia nyumba ya pili. Kwa kifo cha Breonna mwenyewe, hakuna aliyeshtakiwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo akasimama mbele ya kamera akasema jopo limekubali kwamba askari walikuwa na haki ya kufyatua.

Hapo ndipo mjumbe mmoja wa jopo lile, bila kutaja jina, akaenda mahakamani kuomba afunguliwe kiapo chake cha siri. Oktoba jaji akamruhusu. Akasema jopo halikupelekewa kabisa makosa ya mauaji wapige kura. Wajumbe waliuliza kuhusu mashtaka mengine, wakajibiwa kwamba hayatakuwepo kwa sababu waendesha mashtaka hawakuona kama yangesimama. Nilipoisoma taarifa yake niliiweka simu mezani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kama chake. Mtu huwezi kunyanyua mkono kwa karatasi ambayo haikuwekwa mezani, na watu wa nje wanaambiwa wewe ndiye umekataa.

Kwa hiyo, mkuu, jibu langu ni kwamba anayeshika bomba ni mwendesha mashtaka. Anaweza kulifungua mpaka mzame, anaweza kulifunga mpaka mkose tone, na siku zote uamuzi unatangazwa kwa jina lenu. Yule askari, kwa mashtaka ya majirani, aliachiwa mwaka 2022. Serikali ya shirikisho ikamshtaki kwa kuvunja haki za Breonna, akakutwa na hatia Novemba 2024, na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 33.

#8 – Mdau wa Arusha

Nimesoma mara mbili. Sasa siri hiyo ni ya nini kama inatumika kuficha?

#9 – Mwanzisha uzi

Siri ina kazi ya kweli, mkuu, siwezi kuikana. Fikiria jirani yako amesomwa jina mle ndani, jopo limekataa, hana lolote. Bila siri, mtaa mzima ungekuwa umeshamhukumu. Shahidi aliyemtaja jambazi naye anahitaji jina lake lisitoke. Na mtuhumiwa mwenye pasipoti akipata fununu anapanda ndege. Ninachokataa mimi ni pale mwendesha mashtaka anapotoka kuongea kwa niaba ya jopo na wajumbe wenyewe wamefungwa midomo. Akisema yeye, waruhusiwe nao.

Halafu usikate tamaa kabisa na raia wa kawaida. Agosti 2025, Washington, serikali ilimwaga maofisa wa shirikisho mitaani. Jamaa mmoja akamrushia ofisa sandwichi kifuani. Waendesha mashtaka wakataka ashtakiwe kwa kosa kubwa. Jopo kuu likakataa. Wakamshusha kwenye kosa dogo, ambalo halihitaji jopo kuu, na Novemba watu 12 wakamwachia. Desemba mwaka huo huo, Virginia, majopo mawili tofauti ndani ya wiki moja yalikataa kumfungulia mashtaka Letitia James, mwanasheria mkuu wa New York. Chumba ni kile kile, upande mmoja ndio ulioongea, na bado wakakataa. Mjue tu kwamba jopo likikataa si mwisho. Sheria inaruhusu mwendesha mashtaka kulipeleka faili kwa jopo jingine, ndicho kilichojaribiwa kwa huyo mama.

#10 – Dada wa Ohio

Shikamoo kaka. Mimi ni Mkongomani, tuko Ohio. Mume wangu ameletewa karatasi, anatakiwa aende mbele ya hilo jopo la shirikisho. Kuna mtu alikuwa anafanya naye kazi kwenye maghala amekamatwa. Mume wangu Kiingereza si kizuri. Hatujalala tangu juzi. Akienda watamkamata? Asipoenda?

#11 – Mwanzisha uzi

Marahaba dada yangu, pole sana. Soma taratibu, na umsomee yeye.

Karatasi hiyo inaitwa samansi. Kuletewa samansi hakumaanishi anashtakiwa. Wengi wanaoitwa ni mashahidi tu, watu waliokuwa karibu na jambo. Lakini wapo wanaoitwa wakiwa wenyewe wanachunguzwa, na kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla ya siku hiyo, atafute wakili wa jinai, na wakili ampigie mwendesha mashtaka amuulize wazi: huyu ni shahidi, au mnamchunguza? Swali hilo mawakili wanaliuliza kila siku na kwa kawaida wanajibiwa. Kama hamna fedha, ulizeni ofisi ya mawakili wa umma wa mahakama hiyo ya shirikisho mapema, msingoje asubuhi yake. Na kama makaratasi yake ya uhamiaji bado yako njiani, wakili aambiwe hilo pia.

Asiache kwenda. Kukaidi samansi ni kudharau mahakama, na jaji anaweza kumweka ndani mpaka akubali kusema. Mwandishi wa habari Judith Miller alikaa ndani siku 85 mwaka 2005 kwa kukataa kumtaja mtu aliyempa habari.

Mle ndani wakili hataruhusiwa kuingia naye. Atakaa nje kwenye korido. Mumeo akiulizwa swali asilolielewa au linalomtia hofu, aseme anaomba kutoka azungumze na wakili wake, atoke, waongee, arudi. Watu wanafanya hivyo hata swali kwa swali. Na swali ambalo jibu lake laweza kumtia yeye mwenyewe hatiani ana haki ya kutolijibu. Wakili atamfundisha maneno ya kusema. Wakishampa kinga ya maandishi kwamba maneno yake hayatatumiwa dhidi yake, hapo itabidi ajibu.

Kuhusu lugha, kanuni za mahakama za shirikisho zinamtaja mkalimani kwa jina kati ya watu wanaoruhusiwa ndani ya chumba. Wakili aombe mkalimani sasa hivi, na aseme ni Kiswahili cha Kongo, kwa sababu akiletwa wa Zanzibar au wa Nairobi kuna maneno watapishana, na kupishana humo si jambo dogo, yuko chini ya kiapo. Asiseme "ndiyo" kwa heshima kama tulivyozoea mbele ya wakubwa. Asiposikia vizuri aseme sikusikia. Asichokiona aseme sikukiona. Uongo mbele ya jopo ni kosa lenyewe, linafika miaka mitano jela, hata kama kwenye jambo lenyewe hakuwa na hatia.

Na wale watu atakaowakuta wamekaa kumtazama, dada, si polisi. Ni watu walioletewa barua kama mimi. Yumo dereva, yumo mwalimu, labda yumo muuguzi mstaafu. Wanaruhusiwa kumuuliza nao. Akiulizwa na mmoja wao, amgeukie huyo aliyeuliza na amjibu.

Niandikie faraghani jina la mji mlipo, kuna wakalimani wa Kikongomani ninaowafahamu wanaofanya kazi za mahakama huko.

#12 – Dada wa Ohio

Ahsante kaka. Nimemsomea yote. Ameuliza kitu kimoja: akienda kwenye korido kuongea na wakili, hawatamwona ni mwongo?

#13 – Mwanzisha uzi

Mwambie hapana. Mle ndani tunaambiwa kwamba shahidi ana haki ya kutoka, na mtu anapotoka sisi tunakunywa maji, tunanyoosha miguu, tunamsubiri.